Visiki vya Benaco Bado Viko Hai

(Yafuatayo ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosikika redioni Jumapili jioni.)

Ndugu msikilizaji, Jumamosi iliyopita niliamshwa alfajiri katika kijiji kimoja kisicho mbali na Benaco, wilayani Ngara, nikapewa panga na jozi ya mabuti ya mpira yaliyoizidi miguu yangu, nikaambiwa nifuate watu. Aliyeniamsha ni mjomba wangu. Amevuka miaka sitini, na kilima kile hukipanda bila kupumzika. Mimi niliyezoea ngazi za studio nilipumzika mara tatu, na mara ya tatu akina mama waliokuwa nyuma yangu hawakuficha tena kicheko.

Tulikuwa watu 23, wanawake wengi kuliko wanaume. Hakuna anayelipwa. Hawana fulana zenye maandishi wala kibao cha mradi kando ya barabara, na daftari lao la mahudhurio mwenyekiti hulitunza ndani ya mfuko wa nailoni wa sukari ili mvua isiliharibu. Kila Jumamosi wanapanda kilima, na kila Jumamosi wanashuka kabla ya saa tano ili wawahi mashamba yao. Wamefanya hivyo kwa miaka minane.

Kazi yenyewe ni hii. Ukifika kwenye kisiki cha mti uliokatwa zamani, utakuta kimetoa machipukizi kumi, pengine kumi na tano, yamesongamana kama watoto wanaogombea sahani moja. Yakiachwa yote, hakuna hata moja linalokuwa mti; yanabaki kichaka mpaka mbuzi au moto yaje kuyamaliza. Basi unachagua matatu au manne yaliyonyooka, mengine unayakata chini kabisa, kisha yale uliyoyabakiza unayapunguzia matawi ya pembeni hadi kama nusu ya urefu wake. Unafunga kitambaa, ili mchunga mbuzi au mtafuta kuni ajue kwamba mti huu una mwenyewe. Halafu unakwenda kwenye kisiki kinachofuata. Hapapandwi kitu. Mizizi iko ardhini tangu zamani, imekunywa maji miaka yote hii bila kupewa nafasi ya kuinua kichwa.

Nilimwuliza mjomba vile visiki ni vya lini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. “Vya Benaco, mwanangu,” akasema. “Vya mwaka ule.”

Wenye umri wangu na zaidi hawahitaji kuelezwa mwaka ule ni upi. Kwa vijana, nitasema kwa kifupi. Kuanzia tarehe 28 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu waliokadiriwa wakati huo kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara. Mimi nilikuwa darasa la tano. Barabara ile ilikuwa imejengwa na Wataliano, na jina la Benaco lilitokana na kampuni iliyokuwa na kambi yake pale. Hadi siku hiyo palikuwa mahali pa kusimamisha lori na kununua ndizi. Baada ya wiki moja palikuwa mji mkubwa kuliko mji wowote niliowahi kuuona, nyumba zake zote za turubai, na moshi wake ukionekana kutoka kwetu kama ukungu usioondoka hata jua likiwa la utosi. Zikafuata kambi za Lumasi, Musuhura, Lukole na nyinginezo. Kabla ya mwisho wa mwaka 1996, wakimbizi katika mkoa wa Kagera walikuwa zaidi ya nusu milioni, na katika wilaya ya Ngara wageni waliwazidi wenyeji kwa idadi.

Sasa tufanye hesabu ya jikoni. Mtu anayepika kwa mafiga matatu hutumia, kwa kukadiria, kilo mbili za kuni kwa siku kwa kila kinywa anachokilisha. Kwa watu nusu milioni hizo ni tani 1,000 za kuni kila siku. Kama ungezipakia kwenye malori ya tani saba, ungehitaji malori zaidi ya 140, kila siku ya Mungu, kwa miaka miwili na nusu. Hapo hujahesabu nguzo za vibanda, wala mkaa. Mahindi na maharage ya mgawo yaliletwa na mashirika kutoka mbali, lakini kuni za kuyapikia zilitoka kwenye vilima vyetu. Maharage makavu, kama ujuavyo, hayaivi kwa dua.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wa Ngara, Wahangaza na Washubi, waliwapokea wageni wale kabla turubai la kwanza halijafika, na wengi wao walilala na wageni katika nyumba moja. Jambo hilo halijasifiwa vya kutosha. Lakini msitu haukuulizwa kama nao uko tayari kupokea.

Wala si msitu pekee. Upande wa kaskazini na mashariki wa kambi zile kulikuwa na mapori ya akiba ya Kimisi, Burigi na Biharamulo, yaliyojaa nyati, nyamera, punda milia, korongo na palahala. Mgawo wa kambini haukuwa na nyama. Mwaka 2008 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea pori, lilitoa ripoti iliyobeba katika kichwa chake jina ambalo watu wa kambini waliipa nyama ya porini: mchicha wa usiku. Ililiwa usiku kwa sababu ilikuwa haramu. Ripoti hiyo ilikadiria kwamba wakati mambo yalipopamba moto, tani 7.5 za nyama ya aina hiyo zililiwa kila wiki katika kambi kuu za Kagera. Nyati wa Burigi, waliokuwa wamehesabiwa 2,670 kabla ya wakimbizi kufika, walikutwa 44 baada yao.

Hapa ndipo nilipotaka kufika, na nimeona heri niseme mwenyewe kabla mtu wa kwetu hajanipigia simu studio. Mkimbizi anayeishi kwa kadi ya mgawo, asiye na bunduki wala ujuzi wa njia za pori la watu, hawezi peke yake kumaliza nyati elfu mbili na mia sita. Alikuwapo mnunuzi, na alikuwapo muuzaji. Mjomba wangu, huyu huyu anayefunga vitambaa kwenye machipukizi, alikuwa na baiskeli ya Phoenix, na juu ya baiskeli hiyo gunia la mkaa, na chini ya mkaa nyama. Alikwenda Benaco mara tatu kwa wiki. Nyumbani kwetu nako sufuria liliwekwa jikoni baada ya saa tatu usiku, mlango ukiwa umefungwa, na sisi watoto tukifundishwa kwamba kesho shuleni tukiulizwa tulikula nini tuseme maharage. Sare yangu ya kidato cha kwanza, mwanzoni mwa mwaka 1997, ilinunuliwa kwa akiba ya fedha ile. Nilikwenda kusoma nimevaa nyamera.

Wakati huo wageni walikuwa wameondoka. Serikali ilitangaza kwamba wakimbizi wa Rwanda warejee kwao hadi tarehe 31 Desemba 1996, na katika mwezi huo Benaco ikawa tupu kama ilivyojaa. Warundi walibaki Lukole hadi mwaka 2008. Sisi tulibaki na vilima.

Ndipo ikaanza miaka ya miche. Umoja wa Mataifa ulitoa fedha, mashirika kama CARE na REDESO yakafungua vitalu na kufundisha majiko ya kuokoa kuni, na kila shule ikawa na eneo lake la miti. Iliyopandwa sana ilikuwa mikaratusi, mijohoro, milusina na migrevilea, kwa sababu hukua upesi na aliyetoa fedha huweza kuipiga picha kabla mkataba wake haujaisha. Siidharau miti hiyo. Kenchi za nyumba ya mama yangu ni za mkaratusi, na kuni za mjohoro zimepunguzia wanawake wengi safari. Lakini nyamera haishi kwenye mikaratusi. Anahitaji majani ya kula na uwazi wa kuona adui, na kivuli cha mgunga au mtundu saa za jua kali. Nyuki naye, ambaye watu wa Biharamulo wanajua thamani yake kuliko mimi, asali yake nzuri huitoa kwenye maua ya miti ya miombo. Shamba la mbao ni shamba. Si pori.

Juu ya hilo kuna ugonjwa wetu wa sherehe. Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa kuripoti sherehe ya kupanda miti katika wilaya ambayo leo siitaji. Palikuwa na mahema, viti vya plastiki, ngoma, soda, mgeni rasmi, na miche 2,000. Mgeni rasmi alipanda mmoja na akapewa maji ya kunawa. Watoto wa shule walipanda iliyobaki huku wakitazama soda. Niliporudi baada ya kiangazi nilihesabu miche iliyo hai kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vikabaki. Habari ya sherehe niliitangaza mara nne kwa siku moja. Habari ya miche kufa sikuitangaza hata mara moja, na kosa hilo ni langu, sikuzuiwa na mtu.

Kwa hiyo nilipomwona mama mmoja kwenye kile kilima akiinama kwenye kisiki cha mninga ambacho kimekatwa, kikachomwa, kikaliwa na mbuzi, na bado kinachipua, niliona aibu ya mtu aliyeripoti upande usiofaa wa jambo kwa miaka ishirini.

Ufundi huu si wa kuletewa na ndege. Wasukuma wanaujua kwa jina la ngitili, yaani sehemu ya malisho inayofungiwa ili ipumzike na majani na miti irudi. Katika mkoa wa Shinyanga, ambako zamani misitu ilifyekwa ili kumfukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulianza mwaka 1986 kwa kuwarudisha watu kwenye desturi hiyo yao wenyewe. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa na miti, nyingi bila kupandwa, na mwaka 2002 kazi hiyo ikatambuliwa kimataifa kupitia Tuzo ya Ikweta. Dodoma nako, tangu mwaka 2018, shirika la LEAD Foundation limekuwa likifundisha wakulima kuokoa machipukizi kwa jina la Kisiki Hai, jina ambalo halihitaji mkalimani. Biharamulo, ambako Wasukuma wengi wamehamia na ng'ombe wao, ukisema ngitili hata mtoto anaelewa. Tatizo ni kwamba mwenye ngitili Shinyanga anajua ni ya nani. Juu ya kilima cha mjomba jibu la swali hilo halijaandikwa popote, na nitalirudia.

Kwanza niseme habari ya wanyama, maana wao ndio waliofanya kazi hii iwe ngumu.

Mwaka 2019 mapori ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yaliunganishwa yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707. Kabla ya hapo yalikuwa yamejaa mifugo, na wenye mifugo waliondolewa kwa operesheni, mambo ambayo nimeyazungumza siku nyingine na sitayarudia. Mwaka 2020 simba walihamishwa kutoka Serengeti, ambako walikuwa wakiwasumbua wafugaji, wakaletwa Burigi-Chato. Wakazi wa Biharamulo waliopakana na hifadhi walikuwa na haki ya kuuliza: je, wakifika huku watakuwa wameacha tabia?

Lakini wanyama hawakai ndani ya ramani. Vilima vya vijiji vilipoanza kuota tena, walivifuata. Kwanza kanga, kisha ngiri na tohe. Mwaka juzi, mjomba aliniambia kwa sauti ya chini kana kwamba askari wa wanyamapori bado anamsikiliza, aliona nyamera watatu asubuhi na mapema kwenye uwazi chini ya kilima. Alikuwa hajaona nyamera nje ya hifadhi tangu zama za baiskeli. Akakaa kitako akawatazama hadi walipoondoka. “Niliwahesabu mara mbili,” akasema. Sikumwuliza alikuwa anafikiri nini.

Pamoja na nyamera wakaja nyani na nguruwe pori. Msimu uliopita mama mmoja wa kikundi kile kile alipoteza nusu eka ya mahindi na mihogo yake yote iliyokuwa karibu na kilima. Nguruwe pori hawali kama mgeni; hufukua wasichokila. Tulipokaa kupumzika alisema kwa utani, na hakuna aliyecheka: “Tumewajengea nyumba, sasa wanadai na chakula.” Jumamosi zilizofuata hakuonekana kilimani kwa miezi miwili. Amerudi, lakini hufanya kazi upande wa mbali na shamba lake.

Yapo malipo ya serikali yanayoitwa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa, na kanuni zake zilitungwa mwaka 2011. Jina lenyewe linakwambia si fidia. Ni kitambaa. Na si kila mnyama anahesabiwa: kanuni zinazungumzia wanyama hatari, na mkulima aliyeliwa na nyani anaweza kuambiwa kwamba nyani hayumo. Kwa mtu aliyejitolea kila Jumamosi kuwarudishia wanyama mahali pao, jawabu hilo ni zito kulimeza.

Wenzetu ng'ambo ya mto walichagua njia nyingine. Hifadhi ya Akagera nchini Rwanda ilipunguzwa kwa zaidi ya nusu mwaka 1997 ili wakimbizi waliokuwa wakirejea nyumbani wapate ardhi. Simba wakatoweka. Mwaka 2013 likajengwa ua wa umeme wa kama kilomita 120 kuwatenga watu na wanyama, na mwaka 2015 simba wakaletwa tena, na faru mwaka 2017. Ua umesaidia wanyama na umesaidia wakulima. Lakini ua ni fedha nyingi, na huzunguka hifadhi, hauzunguki kilima cha kijiji. Sisi kwa sasa ua wetu ni hao watu 23 na mapanga yao.

Sasa nirudi kwenye swali la kilima ni cha nani.

Kilima kile ni ardhi ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake, kuutungia sheria ndogo, kuupa kamati, na kuchukua faida yake. Kuna vijiji Tanzania hii vinavyovuna na kuuza mbao za msitu wao wenyewe na kujenga zahanati. Kijiji cha mjomba hakijafanya hivyo. Kila mwaka ilisemwa kwamba mwakani wapimaji watakuja. Kwa hiyo baada ya miaka minane ya Jumamosi, kitu pekee kinachoonyesha kwamba watu hawa wana neno juu ya kilima ni lile daftari ndani ya mfuko wa sukari.

Na mwezi ujao mkutano mkuu wa kijiji utakaa kujadili maombi ya vijana 40 wanaotaka kilima kigawiwe mashamba.

Ningependa sana kukwambia kwamba vijana hao ni wavivu, au wametumwa na tajiri wa mjini. Sivyo. Nilizungumza na baadhi yao kijiweni, penye bodaboda. Wamemaliza shule, wameoa, na kipande walichorithi kwa baba ni cha kupanda migomba ishirini. Wanakiona kilima kimekaa, kina udongo uliopumzika miaka minane kwa jasho la wazee, na chini yake pana maji. Mmoja wao ni kitinda mimba wa mjomba wangu. Alinisalimu kwa heshima, “Shikamoo dada,” kisha akaniuliza jambo moja: “Wanyama wamepata kilima. Sisi je?”

Sikuwa na jibu zuri, nikampa jibu baya. Nilimwambia habari za watalii. Alinisikiliza hadi mwisho kwa subira, kisha akaniuliza kama mtalii wa mwisho niliyemwona kijijini kwao alikuwa nani. Nilikuwa mimi.

Maoni yangu, ndugu msikilizaji, ni kwamba tumelitumia vibaya neno kujitolea. Zamani, katika miaka ya kujenga taifa, mtu alijitolea kufyatua tofali la shule ambayo mtoto wake angesoma, na alijua darasa ni lipi. Siku hizi tunamwita mwanakijiji ajitolee, akimaliza tunamshukuru kwa kipaza sauti, na alichokijenga kinaingia katika takwimu za mtu mwingine. Marehemu Profesa Wangari Maathai wa Kenya, alipoanzisha vuguvugu la Green Belt mwaka 1977, aliliona jambo hili mapema. Wanawake wake walikuwa watu wa kujitolea, lakini walipewa senti chache kwa kila mche, na si kwa mche uliopandwa, bali kwa mche ulioishi. Kiasi kilikuwa kidogo mno kumtajirisha mtu. Ila kilimfanya arudi kumwagilia, na kilisema mbele ya mume na jirani kwamba hii ni kazi. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Kwa hiyo naona mkutano ule usiulizwe swali la kilima au mashamba peke yake. Wapimaji wapelekwe sasa, kabla ya mkutano, na kilima kiandikwe kuwa msitu wa kijiji. Lakini kamati yake isiwe ya wazee watupu. Mizinga iwekwe juu, na mizinga hiyo iwe ya vijana wale 40, pamoja na uyoga wa masika na kuni za matawi yaliyopogolewa, ambazo kila Jumamosi hushuka na akina mama zikiwa mizigo mizima. Sehemu ya chini, ambako hakuna visiki, sioni ubaya vijana wakipewa walime, na wakilima pale watakuwa wa kwanza kuwafukuza nguruwe. Wizara nayo iitazame tena orodha ya wanyama inayowalipia. Na sisi wa redio na magazeti tukialikwa kwenye sherehe ya miche tuulize kwanza habari za miche ya mwaka jana.

Kuna msikilizaji atakayesema kwamba mapori haya yenyewe si ya tangu Adamu. Ni kweli, na ni hoja nzuri. Enzi za Waingereza watu wengi wa Biharamulo walitolewa kwenye vijiji vyao wakakusanywa katika makazi maalumu kwa sababu ya malale, na pori likafunika mashamba yaliyoachwa. Wazee bado wanaweza kukuonyesha mawe ya kusagia katikati ya vichaka. Ardhi ile imebadilishana wenyeji mara nyingi, watu wakitoka wanyama wakiingia, na kinyume chake. Tofauti ni kwamba mara zote hizo mmoja alifukuzwa ili mwingine apate nafasi. Kilimani niliona kwa mara ya kwanza watu wakijaribu kuwapisha wanyama bila kuhama wao wenyewe. Sijui mtu mwingine anayejaribu jambo hilo bure.

Jumamosi tuliposhuka, mjomba alikaa uani akanoa mapanga yote 23 kwa tupa, moja baada ya jingine, kama afanyavyo kila wiki, na yule kitinda mimba wake akimshikia mpini. Hawakuzungumza habari za mkutano. Nilipobaki na mjomba peke yake nilimwuliza atafanya nini kama mkutano utaamua kilima kigawiwe.

Akasema naye ataomba kipande, na ataomba kile cha juu kabisa, penye visiki vingi.